Shilingi 200 za Kukaa Kitini

Kwa mihula mitatu mfululizo, kila Jumamosi asubuhi nililipa shilingi 200 ili niketi kwenye kiti cha plastiki. Sikuogelea, sikutia hata kidole cha mguu majini, sikunywa chai ya hoteli, lakini kibao kilichokuwa langoni kilisema kwamba mtu mzima asiyeogelea hulipa ada ya mtazamaji, na mlinzi, kijana mpole mwenye adabu, alikwisha kunizoea kiasi cha kunisomea nambari ya kulipia kwa simu kabla sijamuuliza. Siku ya kwanza nilibishana naye. Nilimweleza kwamba binti yangu alikuwa na miaka 8 na mdogo wake 6, na kwamba kanuni za hoteli hiyo hiyo, zilizobandikwa chini ya kibao hicho hicho, zilimkataza mtoto wa chini ya miaka 12 kuingia bwawani bila mzazi, kwa hiyo nilikuwa natozwa kwa kutii amri yao. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Ni kweli, mama," akasema, "lakini mashine hainipi pa kuandika hivyo." Nikalipa.

Naandika haya kwa sababu wazazi wenzangu wameniuliza mara nyingi ni kiasi gani hasa kinahitajika ili mtoto ajue kuogelea katika mji huu wa Nairobi, na kila nikianza kutaja bei ya somo najiona nasema uongo. Bei ya somo haifiki hata nusu ya gharama yote.

Wanaojua nilikozaliwa hushangaa kwamba jambo hili linanihangaisha. Nimelelewa Mombasa, Mji wa Kale, mahali ambapo bahari husikika kutoka darini, na sijui kuogelea. Ndugu zangu wa kiume walijifunza bila mwalimu wala ada: maji yakijaa waliruka kutoka ukutani, yakipwa walirudi nyumbani na chumvi iliyowakauka miguuni, wakachapwa kwa kuchelewa madrasa. Sisi wasichana tuliwashikia nguo. Nilikuwa na miaka 8, umri wa binti yangu nilipomwandikisha, feri ya Mtongwe ilipopinduka mwezi wa Aprili 1994 na kuua watu zaidi ya 250. Nyumbani kwetu hatukufiwa na mtu, lakini nakumbuka jinsi watu wazima walivyokuwa wakinyamaza ghafla sisi watoto tukiingia chumbani, na jinsi shangazi yangu, aliyekuwa akivuka kila wiki kwenda kuwaona wakwe zake, alivyokaa miezi mingi bila kukanyaga kivuko. Hakuna aliyesema baada ya hapo kwamba wasichana nao wafundishwe kuogelea. Tuliambiwa tu tukae mbali na maji.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5. Shirika hilo hilo linashauri watoto wa umri wa shule wafundishwe kuogelea na kujilinda majini. Sikuzihitaji takwimu hizo ili niamue, lakini nazitaja kwa ajili ya jamaa wanaoliweka somo la kuogelea kapu moja na piano na karate. Piano mtoto akiacha, ameacha piano.

Nairobi haina bahari, na mito yake si ya kumtia mtoto unayempenda. Kwa sensa ya 2019 mji ulikuwa na watu 4,397,073, na mabwawa yaliyopo kwa sehemu kubwa ni ya hoteli, klabu, shule za kulipia na majengo ya kupangisha. Lipo bwawa la Kasarani, katika uwanja uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, lakini kwa sisi tunaokaa South C kwenda Kasarani ni kuuvuka mji mzima. Kuhusu shule, mtaala wa umilisi umekutaja kuogelea miongoni mwa shughuli za madarasa ya chini, ila mtaala haukuja na maji. Shule ya wanangu ilikodi basi siku moja katika muhula, ikatoza shilingi 1,200 kwa kila mtoto, ikapeleka watoto 40 na makocha wawili. Binti yangu alirudi jioni na vazi lake likiwa limekunjwa vile vile nilivyolikunja asubuhi, kavu. Zamu yake haikufika.

Hilo vazi nalo lina hadithi yake. Nilitaka mtoto aogelee akiwa amejisitiri, kwa hiyo nilikwenda Eastleigh na kumnunulia la mikono mirefu na suruali, pamoja na kofia yake, kwa shilingi 2,400 baada ya kupatana. Ni kitambaa cha kuogelea hasa, chepesi, kinachoteleza mkononi, kisichonyonya maji. Jumamosi ya kwanza msimamizi wa bwawa alitusimamisha ukingoni na kusema kwamba nguo za kawaida haziruhusiwi kwa sababu nyuzi zake huziba chujio. Nilimwambia si nguo ya kawaida. Akaishika ncha ya mkono wa vazi, akaifikicha kati ya kidole gumba na cha shahada kama mfanyabiashara wa vitambaa, akanyamaza kidogo, kisha akasema atamuuliza meneja. Meneja alikuja baada ya dakika 12, na dakika hizo nazijua kwa sababu somo lilikuwa limekwisha kuanza na binti yangu alikuwa amesimama na kofia kichwani akiwatazama wenzake wakipiga miguu. Meneja akaruhusu, "kwa leo." Jumamosi iliyofuata zamu ilikuwa ya msimamizi mwingine, naye akaanza upya, kitambaa, chujio, meneja. Wiki ya tatu nilikata lebo ya ndani ya vazi, ile iliyoandikwa asilimia 82 nailoni, nikaiweka katika pochi nyuma ya kitambulisho changu, nikawa naitoa langoni bila kuombwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyebisha. Mtu anaweza kukataa maneno ya mama, lakini karatasi iliyoandikwa na kiwanda huiheshimu.

Nilipokwisha kushinda vita vya lebo, nikapata muda wa kuketi na kutazama nilichokuwa nakilipia, na hapo ndipo taabu halisi ilipoanza. Somo lilitangazwa kuwa la dakika 45. Jumamosi moja niliiweka simu yangu mapajani na kuanza kupima, si somo, bali muda ambao binti yangu alikuwa anaogelea au kujaribu kuogelea: nilianzisha saa alipojisukuma kutoka ukutani na kuisimamisha aliposhika tena ukuta. Kocha alichelewa dakika 7 kwa sababu kundi la kabla yetu lilichelewa kutoka. Majina yaliitwa. Mazoezi ya kunyoosha viungo yalifanywa nje ya maji. Kisha watoto 8 walipangwa katika mstari mmoja, mbao za povu zilikuwa 3, na kila mtoto alikwenda kwa zamu yake huku kocha akimshika tumbo, akarudi, akangojea wengine 7. Saa yangu ilipofika mwisho ilikuwa imehesabu dakika 11. Nikadhani nimekosea, nikapima tena wiki mbili zilizofuata, nikapata 10 mara moja na 12 mara nyingine.

Basi nikaandika hesabu nyuma ya risiti. Somo la watoto wawili, 2,000. Kiingilio chao, 600. Kiti changu, 200. Teksi ya kwenda na kurudi, 900, maana Jumamosi asubuhi barabara ya kutoka kwetu kwenda Kilimani, iliko hoteli hiyo, haina huruma na kupanda matatu mbili na watoto waliolowa nywele mwezi wa Julai sikuweza. Chakula, 500, na hapa wazazi wote watanielewa, kwa sababu mtoto akitoka majini huwa na njaa ya mtu aliyelima ekari, na hoteli ilikataza chakula cha kutoka nje, kwa hiyo mkate wangu na mayai ulibaki ndani ya mfuko tukinunua chipsi kwa bei ya watalii. Jumla, 4,200 kwa Jumamosi moja. Kwa muhula wa Jumamosi 10 ni 42,000, kabla ya mavazi, kofia na miwani. Kila mtoto, 2,100. Gawanya kwa dakika 11, unapata karibu shilingi 191 kwa kila dakika ambayo mtoto wangu alikuwa anaogelea kwa kweli.

Kaka yangu, aliye Mombasa, nilifanya kosa la kumtumia picha ya risiti hiyo. Alinipigia akicheka mpaka akakohoa. "Dada," akasema, "nauli ya treni daraja la kawaida ni shilingi 1,500, watoto nusu. Walete." Nikapiga hesabu tena kwa uchungu: mimi na wanangu wawili, 3,000, safari ya kwenda. Nilikuwa nalipa zaidi ya hiyo kwenda Kilimani.

Angalau, unaweza kusema, mtoto alikuwa anasonga mbele. Shule hiyo ya kuogelea ilikuwa na ngazi zilizopewa majina ya viumbe wa baharini, Kaa, Kasa, Pomboo na Papa, na kila ngazi ilikuwa na cheti chake kilicholipiwa shilingi 500. Binti yangu alikaa ngazi ya Kaa mihula miwili. Kama mtu wa pwani sikushangaa sana, kwa kuwa kaa ninayemjua mimi hutembea upande upande kwenye mchanga, lakini nilitamani kuelezwa ni kitu gani kilichokuwa kinamzuia. Kila nilipouliza niliambiwa kwamba anaendelea vizuri na kwamba kila mtoto ana mwendo wake. Ni kweli kila mtoto ana mwendo wake, ila ni rahisi sana kuyasema maneno hayo kwa mzazi asiyejua kuogelea. Mzazi aliyejua angeona kutoka kitini kwamba mtoto anainua kichwa mno na miguu inazama. Mimi niliona mtoto aliyelowa. Nadhani hilo ndilo lililoniumiza kuliko fedha, kwamba sikuwa na jicho la kukagua nilichonunua. Nyanya nazijua, nyama naijua, fundi wa bomba siwezi kumfundisha kazi lakini najua maji yakivuja. Hapa nilikuwa kipofu anayelipa.

Mambo ya hali ya hewa niyapitie upesi, kwa sababu kila mzazi ana yake. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti jua la asubuhi huwa jina tu. Tangazo la bwawa lilisema maji yake "hupashwa joto kwa jua," maneno ambayo nimekuja kuelewa kwamba ni kweli kwa bwawa lolote lisilo na paa. Maji hunyonya joto la mwili mara 25 hivi kuliko hewa ya baridi ile ile, na mtoto mdogo, aliye na ngozi nyingi kwa uzito wake, hupoa haraka kuliko mtu mzima. Mwanangu wa miaka 6 alitoka siku moja na midomo ya zambarau, meno yakigongana, akanikalia mapajani nusu saa nzima nikiwa nimemfunika mtandio wangu. "Atazoea, mama," nikaambiwa. Wakati wa masika mambo yalikuwa kinyume: ngurumo moja, wote nje, na kanuni ilikuwa kwamba somo lililokatishwa na mvua halirudishwi wala halilipwi fidia. Ujumbe wa kuahirisha uliingia katika kundi la WhatsApp sisi tukiwa tumeshapanda teksi, karibu kila mara.

Na macho mekundu. Niliamini, kama wengi, kwamba harufu kali ya bwawa ni dalili ya usafi. Kumbe harufu ile hutokea klorini inapokutana na jasho na mkojo, na ndiyo inayowasha macho, kwa hiyo bwawa linalonuka sana limeshughulika na mengi. Nilinunua miwani miwili ya shilingi 900 kila mmoja, nikawalazimisha wanangu kuoga kabla ya kuingia. Sikuona watoto wengine wakioga.

Sitaki mtu adhani kwamba namlaumu kocha. Alikuwa kijana mvumilivu, mwenye sauti iliyokauka kwa kupiga kelele hewani tangu asubuhi, na siku moja tuliponyeshewa sote chini ya mwavuli wa mkahawa, aliniambia bila mimi kumchokonoa kwamba alilipwa shilingi 1,500 kwa asubuhi nzima, makundi manne, haidhuru watoto ni wangapi. Nilitazama bwawani nikahesabu vichwa vya watoto, nikavizidisha kwa 1,000. Kocha akaniona ninahesabu, akatabasamu kama mtu ambaye amekwisha kuifanya hesabu hiyo mara nyingi. Baada ya muhula huo aliacha kazi pale.

Kuacha kwake ndiko kulikotuokoa. Jirani yangu wa ghorofa ya pili, Mama Mapacha kama tunavyomwita sote jengoni, alikuwa amechoka na bwawa lake kama nilivyochoka na langu, naye alijua kwamba majengo ya kupangisha yaliyo mtaa wa pili kutoka kwetu yana bwawa dogo ambalo wakaaji wake hawaligusi kabla ya saa nne. Tulikwenda kwa msimamizi wa jengo kwa heshima zote, tukakubaliana shilingi 200 kwa mtoto, mzazi bure. Kocha wetu alikubali shilingi 3,000 kwa saa moja, mara mbili ya alichokuwa anapata kwa asubuhi nzima, kwa watoto wanne, yaani 750 kwa mtoto. Kwa wanangu wawili ni 1,900. Tunakwenda kwa miguu, na mkate wangu na mayai haukatazwi na mtu.

Nilipima tena kwa simu, sikuweza kujizuia. Dakika 31.

Usidhani kwamba tumefika peponi. Bwawa lile halina upande wa kina, kwa hiyo kuna mambo ambayo watoto hawataweza kufundishwa pale, na mkaaji mmoja alikwisha kulalamika kwamba watoto wa nje wanapiga kelele alfajiri ya Jumamosi, jambo ambalo, kusema haki, ni kweli. Hatuna cheti wala ngazi, na hatuna mwangalizi zaidi ya kocha mwenyewe, ndiyo maana sisi akina mama tumepeana zamu ya kusimama ukingoni bila simu mkononi. Lakini katika wiki ya tatu kocha alimlaza binti yangu chali, akaondoa mkono wake mmoja, kisha wa pili, na mtoto hakuzama. Alibaki pale juu ya maji, mikono imetanuka, akitazama mbingu, hana habari kwamba hakuna anayemshika. Kocha alinigeukia. Hata mimi nisiyejua kitu nilijua nilichokuwa nakiona.

Desemba tulipanda treni kwenda Mombasa. Kaka yangu, ambaye hakuwa amesahau ile risiti, alitupeleka ufukweni Nyali siku ya pili tu, ili, kama alivyosema, akakague mali iliyonunuliwa. Binti yangu aliingia mpaka kiunoni akasimama. Nilimwona akiinamisha kichwa kutafuta kitu chini, na baadaye aliniambia kwamba alikuwa anatafuta ule mstari mweusi wa vigae. Wimbi likampiga, akanywa maji, akakohoa, akapangusa uso kwa mkono wa vazi lake la Eastleigh, akamtazama mjomba wake kwa hasira kana kwamba yeye ndiye aliyetia chumvi. Kaka yangu akanyoosha mikono amshike. Mtoto akaikataa, akageuka, akalala chali. Wimbi lililofuata lilimwinua na kumshusha, akapanda na kushuka nalo.

Kaka yangu alikaa kimya kwa muda, maji yakimfika kifuani. "Huyu nani kamfundisha kulala hivi?" akauliza. "Sisi tulijifunza kukimbia mbele tu."

Nikamtajia bei ya dakika, ya zamani na ya sasa. Safari hii hakucheka.

Vazi lenyewe sasa limembana mabegani na mikono yake imepanda juu ya vifundo. Wiki iliyopita nilirudi Eastleigh, duka lile lile, bei imefika 2,900 kabla ya kupatana. Muuzaji alipochukua mkasi ili akate lebo ya ndani, nikamzuia mkono.